Jiwe la Boutia kwenye Lango la Brakara

Nianze na hili mapema ili baadaye tusisumbuane. Mimi Pintamo wa Lukus nimesoma mawe zaidi ya elfu moja ya ukuta huu wa mji wetu, na sijapoteza hata moja. Tena hajazaliwa mtu wa kuniacha bila jibu. Ukimpata, mlete.

Ukuta wenyewe unauona. Hata ukiwa huna macho utaugonga. Juu yake mikokoteni miwili inapishana bila kugusana, na kimo chake ni watu sita waliosimamiana mabegani. Minara imetuna kwa mbele kama matumbo ya wajumbe wa baraza walioamuru ijengwe. Wavamizi wanaotajwatajwa kutoka ng'ambo ya milima sijui kama watafika kweli. Wakifika, wataangalia juu, watakaa chini, watakula mkate wao na kurudi makwao.

Kila kikosi kilipewa kipande chake, kutoka mnara hadi mnara. Kikosi chetu cha Mzee Klutamo kilipewa kipande chenye lango la barabara ya Brakara, na hapo ndipo penye makaburi kuliko kwingine kote. Sisi hatuwafichi watu wetu. Tunawazika kando ya barabara, jiwe linasimama karibu kabisa na njia, herufi zimepakwa rangi nyekundu, na linamwita mpita njia: wewe unayepita, simama. Mpita njia mwenye adabu anasimama, anasoma jina kwa sauti, anasema udongo ukulalie mwepesi, anaendelea na safari yake. Marehemu kutwa nzima anangoja hilo tu.

Basi ukuta ulitaka mawe, machimbo yako mbali, na baraza lilikuwa na haraka. Likakaa likaamua kwamba wafu nao ni raia, wasaidie kazi. Makaburi yote yaliyo ndani ya hatua mia mbili yang'olewe. Mawe mengi yaliingia tumboni mwa ukuta, katikati ya kuta mbili za mawe bapa, yakamwagiwa kokoto na chokaa. Lakini ndugu yeyote aliyekuja kuomba aliruhusiwa jambo moja: jiwe la mtu wake liwekwe usoni mwa ukuta, herufi zikitazama nje, lisomeke.

Ndiyo sababu kila kikosi kilihitaji msomaji. Kwetu msomaji nilikuwa mimi, na sikupewa kazi hiyo kwa uzuri wangu, ingawa ningeweza. Nilikaa miaka sita kwenye shule ya Mwalimu Materno, nyuma ya nyumba ya kuogea. Mwalimu hunitambulisha kwa wageni kama mwanafunzi wake aliyemmalizia fimbo.

Kazi ilikuwa hivi. Mkokoteni unaleta jiwe, nalisoma, naangalia kama kuna ndugu aliyeliombea, kisha natoa ishara. Nikigeuza kiganja juu, jiwe linakwenda usoni. Nikirusha mkono nyuma ya bega, linakwenda tumboni. Wa kulibeba ni Kamalo, kijana mwenye mgongo kama mlango wa ghala na maneno matatu kwa siku. Nilipoona kikosi kinachoka kusikiliza majina matupu, nikaanza kuwatia chumvi kidogo. Nikisoma jiwe la mpishi, nafanya sauti ya mpishi. Nikisoma la askari, nachechemea. Watu walifanya kazi wakicheka, na ukuta ukapanda. Mzee Klutamo mwenyewe alikiri kwamba kikosi chetu kiliwaacha wenzetu kwa safu nne. Hilo ni langu, msininyang'anye.

Sasa Mama Apana.

Mama Apana alikuwa akituuzia pombe ya shayiri. Kabla ya ukuta alikuwa na banda lake palepale barabarani, hatua chache kutoka kwenye kaburi la binti yake Boutia, aliyefariki miaka kumi na miwili iliyopita. Ukuta ulipoanza, akahamishia mitungi kwetu. Akawa anapanda ngazi za jukwaa la mafundi na mtungi kichwani bila kushika kitu, na ole wako umwambie asaidiwe.

Asubuhi moja akanijia kwenye meza yangu.

"Msomaji."

Hakuniita jina. Nikajua kuna jambo.

"Naam, mama."

"Jiwe la Boutia linang'olewa lini?"

"Safu ile ya makaburi tunaianza kesho kutwa."

"Liwekwe usoni, karibu na lango, kimo cha macho ya mtu. Siyo juu watu wavunjike shingo, wala siyo chini mbwa walikojolee."

"Limepita hilo, mama."

"Usiniambie limepita. Sikiliza kwanza lilivyoandikwa, ulijue." Hakujua kusoma, lakini jiwe lile alikuwa nalo kichwani kuanzia juu hadi chini, kwa kuwasikia wasafiri wakilisoma miaka yote hiyo. Akafumba macho. "Kwa roho za marehemu. Boutia, binti wa Ambato, mtu wa Lukus, miaka kumi na tisa, amelazwa hapa. Udongo ukulalie mwepesi. Halafu chini kabisa pameandikwa..."

"Nimeshika, mama, nimeshika! Kichwa hiki ni sanduku, kikiingia kitu hakitoki."

Kusema kweli nilikuwa nimeona mkokoteni unaingia, na juu yake jiwe la mtu mnene aliyechongwa na tumbo lake lote, na utani ulikuwa umeshanijaa mdomoni.

"Apa," akasema.

"Naapa kwa mkono wangu wa kulia. Nikilipoteza jiwe la Boutia, ukauke."

Akautazama mkono wangu kwa muda, kama mtu anayekagua samaki sokoni, kisha akapanda ngazi.

Kesho kutwa ikafika. Hali ya hewa nzuri, chokaa imekorogwa, kikosi kina njaa ya kucheka. Jiwe la kwanza kushuka likawa la muuza nyumbu mmoja. Nikasoma: "Ladrono, miaka sitini na moja, muuza nyumbu, hakumdanganya mtu."

Hakumdanganya mtu! Wewe ungeweza kunyamaza hapo?

"Ndugu zangu," nikawaambia, "mtu hakumdanganya. Tuwaulize nyumbu."

Nikashuka kwa miguu na mikono. Nikawa nyumbu. Nikafanya nyumbu mzee aliyepakwa masizi aonekane kijana, meno yamesuguliwa, mguu mmoja wa nyuma mbovu. Nikamfanya Ladrono mwenyewe akimsifu: "Huyu anakwenda Brakara na kurudi bila kula!" Kisha nyumbu akaanguka. Watu wakashika mbavu. Mzee Klutamo akacheka mpaka pengo lake likaonekana, pengo ambalo hata mkewe sijui kama analijua. Nikainuka, nikapiga teke, nikarusha mkono nyuma ya bega kwa madaha, nikalia kwa sauti ya nyumbu, na hapo nadhani hata ng'ambo ya mto walisikia.

Wakataka nirudie, nikarudia mara tatu huku chokaa ikimwagwa na mawe yakipanda. Nilipomaliza kujipangusa vumbi nikaita, "Haya, lifuatalo! Nadhani ni la Boutia hilo. Kamalo, taratibu nalo."

Kamalo alikuwa anapangusa chokaa mikononi.

"Limekwenda," akasema.

"Limekwenda wapi?"

"Tumboni."

"Nani kasema tumboni?"

"Si ulirusha mkono?"

"Kamalo! Nilikuwa nyumbu!"

Kumbe nilipokuwa naigiza alikuwa ameshainua jiwe lililofuata, akingoja mkono wangu. Akafikiri. "Mimi naangalia mkono tu," akasema, na hayo yakawa maneno yake ya wiki.

Nikapanda mbio. Juu ya jiwe la Boutia kulikuwa na safu mbili za mawe, kokoto, na ndoo sijui ngapi za chokaa iliyoanza kubadilika rangi. Mzee Klutamo akapanda nyuma yangu akihema.

"Mzee, tuvunje kidogo tu."

"Nivunje ukuta wa baraza kwa sababu ya nyumbu wako?"

"Jiwe la Mama Apana liko humo."

Akajikuna kidevu. Kila mtu alimheshimu Mama Apana, na kila mtu alimdai tabasamu. "Hapa hakivunjwi kitu," akasema mwishowe. "Ila wewe ndiye utakayekwenda kumwambia, kwa mdomo wako huo huo."

"Nitamwambia, mzee."

Na ningemwambia. Lakini nilipokuwa nashuka ngazi nikipanga maneno, nikaliona jiwe la Ladrono limelala palepale, halina ndugu wala mwombaji. Lilitoka karakana ile ile ya mji wetu, kama mawe yetu yote: mwezi mwandamo juu, ua katikati, herufi nyekundu chini. Upana ule ule, kimo kile kile. Mtu asiyejua kusoma angeyatofautisha kwa nini?

Kabla ya chakula cha mchana Ladrono alikuwa usoni mwa ukuta, karibu na lango, kimo cha macho ya mtu.

Jioni, kazi ilipokwisha, Mama Apana akaja. Nikamshika mkono nikampeleka. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza nikakipitisha polepole, nikasoma: "Boutia, binti wa Ambato, mtu wa Lukus, miaka kumi na tisa, amelazwa hapa. Udongo ukulalie mwepesi." Kidole changu wakati huo kilikuwa kwenye neno hakumdanganya.

Alisimama muda mrefu akilitazama jiwe, kisha akanitazama mimi.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, kwa sauti nzuri zaidi. Akachukua kikombe, akamimina pombe kidogo chini ya jiwe kama desturi, akaondoka. Nikajiambia, Pintamo, wewe ni hatari.

Kesho yake asubuhi nikakuta amehamisha mitungi yote. Banda lake jipya liko pale langoni, mkono wa kushoto, pua kwa pua na jiwe.

Hapo ndipo taabu zangu zilipoanza. Maana barabara ya Brakara haipitwi na waswaga nyumbu peke yao. Wanapita makarani wa nafaka, wanapita maaskari waliostaafu, wanapita watu wenye kucha safi ambao hawawezi kuona herufi bila midomo kuanza kuchezacheza. Na mtu wa namna hiyo akisimama pale akasoma kwa sauti, Mama Apana yuko hapo, masikio wazi.

Njia ilikuwa moja tu. Jiwe likishasomwa na mtu, mpita njia halisomi tena. Anasema udongo umlalie mwepesi na kuondoka. Kwa hiyo ilinibidi nisome mimi kwanza. Nikimwona mtu wa kucha safi anatokea kwenye kona, naacha meza, naruka mapipa ya maji, napita chini ya jukwaa, nafika langoni roho iko mkononi, na kupaza sauti: "Boutia, binti wa Ambato, mtu wa Lukus!" Mgeni anaitikia, anapita. Narudi mezani. Sijakaa, mwingine huyo.

Mara moja karani mmoja akakodoa macho. "Mbona naona linaanza na herufi nyingine?"

"Mwanga, bwana. Saa hizi jua linapotosha. Pita jioni."

Alipita. Makarani wanaheshimu sana maelezo.

"Msomaji," Mzee Klutamo akaniuliza siku ya tatu, "tumbo linakuendesha?"

"Linaniendesha, mzee."

"Acha jibini ya yule mama wa mtoni."

Mama Apana hakuuliza kitu. Alikuwa anakaa pale na kikombe chake, ananiangalia nakuja mbio, ananiangalia nasoma, ananiangalia naondoka. Siku nyingine ananipa pombe bure. "Kunywa, mwanangu. Unafanya kazi sana." Nakunywa, namshukuru, na moyoni najisifu kwamba mpango unakwenda. Nilikonda, lakini mpango ulikwenda.

Siku ya tisa, karibu na adhuhuri, nikaona punda anatokea kwenye kona taratibu, na juu yake miguu miwili mirefu inayokaribia kugusa ardhi. Nikaijua miguu ile kabla sijaona uso. Mwalimu Materno, aliyekuwa Brakara mwezi mzima kwa arusi ya mpwa wake, alikuwa anarudi nyumbani.

Ndugu yangu, Mwalimu Materno hasomi jiwe. Analihoji. Njia ya nusu saa kwake ni ya kutwa, kwa sababu hajawahi kumpita marehemu hata mmoja, na akisomewa na mtu mwingine anarudia mwenyewe kuhakikisha.

Nikakimbia kuliko siku zote. Nikafika langoni yeye akiwa anashuka, na kwa kuwa sikuwa na mpango nikatumia mwili: nikaegemeza mgongo kwenye jiwe, mikono nimeipanua kama mtu anayeota jua.

"Shikamoo, mwalimu! Habari za Brakara? Arusi ilikuwaje? Walichinja?"

"Pintamo. Toka hapo, marehemu anataka kusema."

"Nimeshamsoma, mwalimu, usichoke bure. Boutia, binti wa Ambato, mtu wa Lukus..."

"Siku hizi unasoma kwa kisogo?"

Juu ya jukwaa mtu akacheka. Nikajua kikosi kizima kimesimamisha kazi.

"Nalijua kwa moyo, mwalimu."

"Miaka sita hukujua kitu kwa moyo. Toka."

Akanisogeza kwa fimbo yake, ile ile, ninaijua kwa harufu. Akainama, akaweka pua karibu na ukuta, na kwa sauti yake ya darasani, sauti inayofika hadi sokoni, akasoma:

"Ladrono. Miaka sitini na moja. Muuza nyumbu." Akatulia kidogo. "Hakumdanganya mtu."

Nikasikia punda wa mwalimu akitafuna.

"Mwalimu ametoka safari ndefu," nikamgeukia Mama Apana, nikiwa bado natabasamu, maana tabasamu langu ni zito kuondoka. "Jua la njiani limemwingia machoni. Kule Brakara pia herufi wanaziandika..."

"Mwache mwalimu," akasema Mama Apana. "Amesoma sawasawa."

Akainuka, akajifuta mikono kwenye nguo.

"Siku ile nilikuwa jukwaani, mtungi kichwani. Nilikuona ukiwa nyumbu. Na nilicheka, sikufichi, ulimpatia. Halafu nikageuka nikamwona Kamalo na jiwe langu. Nikapiga kelele. Nikapiga tena. Nani angenisikia? Mlikuwa mnacheka wote."

Kule juu Kamalo akavua kofia yake.

"Mama, mbona..."

"Nilikuja jioni ile uniambie. Nikasema, ni mtoto mtukutu, lakini ataniambia. Ukanishika mkono ukanisomea." "Nilitaka kukumwagia mtungi kichwani. Ndiyo maana nilikuambia usome tena, nipate nafasi ya kuuchukua. Lakini ukasoma vizuri. Nikasikiliza. Kule barabarani mwanangu alikuwa anasomwa mara mbili kwa wiki. Mvua ikishika, hata mara moja hapati. Kesho yake nikakuona unakuja mbio kama umefukuzwa na nyuki, unamtaja. Ukaja tena. Siku ya pili nikahesabu: mara thelathini na moja. Nikasema, haya, mwacheni akimbie."

Kikosi kikapasuka. Walicheka kuliko siku ya Ladrono, na safari hii nilikuwa nyumbu bila kuinama. Mzee Klutamo alikuwa ameshika nguzo ya jukwaa, pengo wazi.

"Lakini," akasema Mama Apana, na vicheko vikakatika, "siku tisa zote hizo, mstari wa mwisho hujausoma hata mara moja."

"Mstari gani, mama?"

"Ule niliokuwa naanza uliponikatiza. Kichwa ni sanduku, ukasema." Hakufumba macho safari hii, aliniangalia mimi. "Apana, mama yake, amemwekea. Ndivyo jiwe lilivyomalizika. Wasafiri wote walikuwa wakimaliza na jina langu. Mimi na yeye, pamoja. Wewe umemtaja mara mia tatu kasoro, kama mtoto asiye na mtu."

Mwalimu Materno akakohoa, akatazama pembeni, kwenye nguzo ya lango. Ni jiwe gumu jeupe lililochongwa vizuri, la baraza lenyewe, pana, laini, halina hata alama moja. Mama Apana naye alikuwa analitazama.

"Mwalimu," akasema, "huyu ulimfundisha kusoma tu, au na kuandika?"

"Nilijaribu vyote viwili."

Mzee Klutamo, ambaye kwa sheria alipaswa kusema nguzo ya lango haiguswi, akaanza kuchunguza mawingu.

"Mkono wa kulia," Mama Apana akaniambia. "Ule ulioapia. Naona haujakauka. Kimo cha macho ya mtu, mistari yote, na wa mwisho usiwe mdogo kuliko mingine."

Nikatafuta jibu. Nililitafuta kweli, juu ya jukwaa, chini, kwenye uso wa Kamalo, hata kwa Ladrono. Nilipogeuka, mwalimu wangu alikuwa ameshanishikia nyundo na patasi.